Aya ya Ugonjwa

Kila wasifu wa marehemu huwa na aya ya ugonjwa. Nimesoma wasifu wa watu wengi kuliko wachungaji walio wengi, kwa hiyo niamini. Huanza na kuzaliwa, zikafuata shule, ndoa, kazi na watoto, na wakati huo wote waombolezaji chini ya hema wananong'onezana kuhusu mvua na bei ya mbolea. Ukifika kwenye aya ya ugonjwa wananyamaza. Kila mtu anataka kujua mwenzake alichukuliwa na nini. "Marehemu alilalamika maumivu ya kifua, akakimbizwa hospitalini, lakini kwa bahati mbaya..." Hapo nilikuwa nashusha sauti kidogo na kusoma polepole. Nilijivunia jinsi nilivyoisoma aya hiyo.

Jina langu ni Zablon Odera. Naishi Suna hapa Migori, ila kwetu ni Rangwe, upande wa Homa Bay. Siku za kawaida natengeneza redio na spika kwenye kibanda changu. Ijumaa nabeba spika zangu mbili, maikrofoni na jenereta, nakwenda kuwa emsii wa mazishi. Mimi ni Msabato, kwa hiyo mazishi ya Jumamosi huyapata wenzangu. Wananitania kwamba anayetaka kusomewa na Zablon sharti apange kufa kwake vizuri.

Naandika kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Yuko kwenye benchi ya hospitali sasa hivi. Ameambiwa moyo wake ni mzima, na yeye anajua kabisa kwamba anakufa. Ndugu yangu, nilikaa hapo miezi mingi, na makalio yangu bado yanaikumbuka hiyo benchi.

Ilianza kiangazi, mwezi wa kwanza, kwenye mazishi ya mwenye duka mmoja kule Uriri. Uriri ni kwa wakwe zangu, jambo ambalo lilikuja kuongeza chumvi kwenye kidonda. Marehemu alikuwa na miaka arobaini na sita. Mimi nilikuwa nimetimiza arobaini na sita mwezi uliotangulia. Na kaka yangu Elisha, tuliyefuatana tumbo moja, alikufa akiwa na arobaini na sita. Alianguka shambani na jembe mkononi, na ni mimi niliyemsomea wasifu wake bila kutokwa na chozi, watu wakasema huyu ndiye mwanamume.

Nilifika kwenye aya. "Marehemu alilalamika maumivu ya kifua." Ilikuwa sentensi ileile ya Elisha, neno kwa neno. Moyo wangu ukaruka kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato. Halafu ukaanza kukimbia. Vidole vikafa ganzi, midomo ikafa ganzi, koo likabana kana kwamba nimemeza tonge la ugali bila mchuzi. Jasho baridi lilinitoka kwenye jua la saa saba. Watu waliokuwa mbele yangu wakawa mbali, na sauti iliyotoka kwenye spika zangu mwenyewe haikuwa yangu. Nilijua kinachoendelea. Nilikuwa nimeingia ndani ya aya.

Niliangusha maikrofoni. Spika zikapiga yowe, na mimi nikatoka mbio kupita mbele ya mjane na jeneza hadi nyuma ya jiko la matanga, nikaanguka kwenye gunia la makaa. Wanawake waliokuwa wakipika walinipepea kwa kifuniko cha sufuria. Mmoja alinipa maji ya sukari. Nilipoinua macho nikaona ni mama mkwe wangu. Kwetu mwanamume hata kula mbele ya mama mkwe huona haya, sasa mimi nilikuwa nimelala miguuni pake nimefungua shati. Naye aliangalia pembeni, heshima yake ilikuwa kubwa, lakini kikombe hakukiondoa mdomoni mwangu mpaka nikakimaliza.

Baada ya dakika kumi hivi yote yalipita. Ikabaki aibu.

Maneno yalifika Suna kabla yangu. Binamu yangu Ochieng' alikuja kibandani asubuhi ya Jumapili, akavuta kigoda.

"Omera, ndugu yangu, yule marehemu alikushika," akasema. "Ulisoma watoto wa mke mdogo kabla ya watoto wa mke mkubwa. Watu wote walisikia."

"Programu ndiyo iliandikwa hivyo."

"Marehemu hasomi programu. Rudi kule, uongee na wazee wakusafishe."

Sikurudi. Nilikwenda kwenye duka la dawa, nikaambiwa nina malaria na taifodi. Nikameza dawa, na Jumanne kitu kilekile kikanishika tena nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikatoka hivyo hivyo. Nikaambiwa tena malaria na taifodi. Kabla kiangazi hakijaisha nilikuwa nimetibiwa malaria mara tatu bila kuumwa na mbu.

Nikaanza kujilinda. Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, nataka ulisome vizuri. Kila kitu kilichofanya moyo wangu upige, nilikiacha. Niliacha chai ya tangawizi. Niliacha pilipili. Niliacha kupanda mlima kwenda kanisani, nikawa naomba kubebwa na pikipiki kwa mwendo ambao nyanya zetu wanautembea na ndoo kichwani. Niliacha kuimba besi kwenye kwaya. Niliacha kulalia ubavu wa kushoto na kufunga mlango wa choo. Sikutoka bila chupa ya maji na aspirini mfukoni, na kila nilipoingia nilitafuta kwanza mlango wa kutokea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimefika mahali pa kushtushwa na kamba za viatu vyangu. Mkanda wa suruali ulihama tundu moja, halafu la pili, halafu Rispa akatoboa la tatu kwa msumari.

Rispa ni mke wangu. Yeye ndiye aliyepokea simu za watu waliofiwa. "Emsii hawezi Ijumaa hii," alikuwa anawaambia, "jenereta imeharibika." Jenereta ilikuwa nzima kuliko mimi.

Mvua kubwa zilipoanza nikaenda hospitalini. Sasa fikiria emsii wa mazishi amekaa kwenye benchi ya hospitali. Kila aliyepita alinijua, na hakuna aliyedhani ninaumwa.

"Emsii! Nani tena ametuacha?"

"Hakuna. Nimekuja tu."

"Pole sana. Mazishi ni lini?"

Mama mmoja alinikuta kwenye foleni ya maabara akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Dada yake alikuwa amelazwa wodi ya juu. Ilibidi nimshike mkono nimwapie kwamba dada yake mimi simjui na sijaitwa na mtu. Nilikuwa natetemeka kuliko yeye. Mwisho nikawa nakuja nimevaa kofia imefunika macho.

Walinibandika nyaya kifuani, mashine ikachora moyo wangu kwenye karatasi. Daktari akaitazama akasema, "Uko sawa. Moyo mzima kabisa." Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilikasirika. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba mashine imeharibika, na mimi mashine nazijua. Nikaenda Homa Bay kupimwa na nyingine. Nayo ikasema moyo mzima. Elisha hakuwahi kupimwa na mashine yoyote, nikawaza, na kama angepimwa labda wangemwambia hivyo hivyo.

Siku hiyo niliporudi nyumbani, mchana, mvua ikipiga bati, nilichukua daftari la watoto na kuandika wasifu wangu. Sikutaka kujiua, na nakuambia hivyo waziwazi kwa sababu Rispa alidhani hivyo alipouona. Nilitaka tu mambo yawe tayari. Nimesoma wasifu mbaya wa watu wengi walioandikiwa haraka na mashemeji. Nikajiandikia vizuri, kuanzia kuzaliwa Rangwe mpaka aya ya ugonjwa, nikaweka daftari chini ya godoro.

Rispa alilikuta akitandika kitanda. Aliniita kutoka chumbani, na sauti yake haikuwa ya kuitia mtu chakula.

"Baba Akinyi, hii ni nini?"

Nikaingia, nikaliona daftari mkononi mwake.

"Umeandika hapa, 'Marehemu amemwacha mjane, Rispa.'" Alinisogezea daftari usoni. "Umeniita mjane nikiwa nimesimama hapa na shuka mkononi. Uliniuliza? Mimi nimekubali kuwa mjane?"

"Nyar Uriri," nikambembeleza, binti wa Uriri, "nilikuwa nataka kukupunguzia kazi."

"Kazi!" Akakaa kitandani, akaanza kulia kwa hasira. "Miezi minne nadanganya watu juu ya jenereta. Nalala nikisikiliza kama unapumua. Watoto wanatembea kwa vidole humu ndani. Na wewe uko huko unajizika vizuri. Mimi nimechoka, Zablon. Kama ni kufa, kufa. Kama ni kupona, amka twende mahali wanatibu hii kitu, kwa sababu si moyo, na mimi nimeliona hilo zamani."

Hakuwahi kuniita Zablon tangu tuoane. Niliona haya, halafu nikaona huruma, halafu nikavaa viatu.

Kliniki ya afya ya akili iko upande wa lango, na benchi yake inaonekana na kila anayeingia hospitalini. Sijui aliyeiweka pale alikuwa anafikiria nini. Tulikaa hapo na Rispa tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita. Kulikuwa na kijana anayeongea na viatu vyake, na mama mmoja aliyevaa vizuri sana ambaye alijifanya anamsubiri mtu mwingine. Mimi nilijifanya natafuta mtandao kwenye simu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi niliyewazika wengi wa namna hiyo nilikuwa nimekaa pale nikiomba nisionekane.

Muuguzi aliyenihudumia alikuwa mwanamke wa Kikuria aitwaye Boke, mfupi, mwenye kucheka na mambo ambayo hayachekeshi. Kijaluo hakijui, na mimi Kikuria sikijui, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotutibu.

"Sasa, mzee wangu," akasema, "hii kitu ikikushika inakuwa aje?"

Nikamweleza: moyo, vidole, midomo, koo, watu kuwa mbali, hakika ya kufa. Nilipofika mwisho nikaona amekuwa akiandika kabla sijasema, kama mtu anayeujua wimbo.

"Na inachukua dakika ngapi?"

"Kumi. Labda kumi na tano."

"Imekushika mara ngapi tangu mwezi wa kwanza?"

"Zaidi ya arobaini."

"Na umekufa mara ngapi?"

Rispa alicheka kabla yangu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiangazi.

Boke aliniambia huo ni ugonjwa wa hofu ya ghafla, kwamba si wazimu wala si dhambi, na kwamba kengele ya hatari mwilini mwangu inalia wakati nyumba haiungui. Zaidi ya hapo sitaeleza, maana mimi si daktari. Daktari wao alinipa tembe za kumeza kila siku, akanionya kwamba wiki za kwanza zinaweza kunichafua. Zilinichafua. Nilikuwa na kichefuchefu, usingizi ukapotea, na nilitaka kuzitupa chooni. Rispa alizishika yeye, akawa ananipa moja kila asubuhi na uji, akisubiri nimeze. Tulikuwa tunapalilia mahindi nilipoona kwamba nimemaliza siku nzima bila kujishika mshipa wa mkono.

Lakini tembe zilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kichaa, au nilidhani hivyo. Boke alifunga mlango akaniambia niruke ruke papo hapo, kama watoto wa chekechea, dakika moja. Nikakataa. Nikamwambia moyo utakimbia.

"Ndiyo," akasema. "Tunaitaka ikimbie. Mimi naruka na wewe."

Akavua viatu, akaruka. Ningefanya nini? Nikaruka, mimi baba wa watoto wanne na koti langu la matanga. Moyo ukakimbia, hofu ikaja, nikataka mlango. Akasema, "Kaa nayo. Usiifukuze." Tukakaa nayo. Ikapanda, ikapanda, halafu ikachoka yenyewe. Wiki iliyofuata alinifanya nipumue kwa mrija wa soda huku nimeziba pua. Wiki nyingine nilizungushwa kwenye kiti mpaka ukuta ukahama. Nyumbani nilitakiwa kupanda mlima wa kanisa kwa miguu na kunywa chai ya tangawizi. Aspirini na chupa ya maji nilitakiwa kuviacha. Chupa ilikuwa ngumu kuliko vyote. Mara ya kwanza kwenda sokoni bila chupa nilijiona kama nimetoka bila suruali.

Nilimpelekea pia lile daftari. Rispa alinilazimisha. Boke alisoma wasifu wangu wote, na hakucheka.

"Umeandika vizuri. Lakini aya yako ya ugonjwa inaishia, 'Alilalamika maumivu ya kifua.' Halafu?"

"Halafu... ndiyo huishia hapo."

"Hapana. Siku hiyo ulilalamika maumivu ya kifua, halafu ukafanya nini?"

Nikafikiri. "Nilikunywa uji."

"Andika hivyo. Kila ikikushika, andika mpaka mwisho."

Basi nikawa naandika, siku baada ya siku, kwa lugha ileile ya matanga, maana nyingine sikuijua. Alilalamika maumivu ya kifua sokoni Suna, akanunua omena, akarudi nyumbani. Alilalamika kukosa pumzi kanisani, akaimba ubeti wa tatu. Alilalamika maumivu ya kifua, akatengeneza redio ya mwalimu mmoja, ikashika stesheni zote. Daftari lilijaa. Nilikuwa na aya za ugonjwa sitini, na hata moja haikufikia jeneza.

Usidhani nilipanda tu bila kushuka. Mwezi wa nane, kwenye makambi ya kanisa, nilikubali kutangaza ratiba mbele ya umati. Nilitaja jina la kwaya ya kwanza, nikashindwa la pili, nikatoka nikajificha nyuma ya mahema hadi jioni. Mzee wa kanisa alinifuata akaniambia imani yangu imepungua. Nilimjibu kwamba imani ninayo, kinachonisumbua ni koo. Nililala siku mbili. Siku ya tatu nikaandika aya, nikapanda mlima.

Sasa lazima nikuambie kwa nini sikuacha, maana sababu za kuacha zilikuwa nyingi.

Mama yangu, Turfosa, alikuwa na miaka zaidi ya themanini, na tulipomzika Elisha alinivuta shati mbele ya kaburi akasema, "Na mimi ni wewe utanisomea. Sitaki mtu mwingine anidanganyie watu." Niliahidi. Ahadi ya namna hiyo, mbele ya udongo ambao haujakauka, huwezi kuirudisha. Na sasa sukari na magoti vilikuwa vinamla, na mimi nilikuwa siwezi kusoma hata tangazo la kwaya.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa nilikwenda Rangwe kumwambia ukweli. Alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake kwenye kiti cha plastiki, ungo wa karanga mapajani, anabambua. Nikamwambia yote. Tuliongea Kijaluo, lakini Kiswahili kinatosha kukuonyesha alivyokuwa.

"Kwa hiyo huwezi," akasema.

"Naogopa sitaweza, Mama. Tutafute mtu mwingine mapema."

"Unao huo wasifu wangu?"

"Upi?"

"Unasema hujauandika? Elisha angekuwa ameuandika." Akanitupia ganda la karanga. "Uandike. Jumapili ijayo uje unisomee. Nikifa sitaweza kukusahihisha."

Nilikuja Jumapili na karatasi. Akaniamuru nisimame uani, kuku wakiwa miguuni, nisome kwa sauti ya kazi. Nikasoma. Akanikatiza kila mstari.

"Umesema nilikuwa mpole. Nani alikuambia?"

"Mama, ndivyo wanavyoandika."

"Futa. Andika nilikuwa mkali, na mikopo yangu ya karanga nililipa yote. Endelea."

Nilifika kwenye ugonjwa. Alikuwa hai, anatafuna karanga mbele yangu, na bado koo lilibana, vidole vikafa, uwanja ukaenda mbali. Nilisema, "Mama, imekuja. Nakufa."

Hakuinuka. Aliendelea kubambua, pa, pa, pa.

"Sawa," akasema. "Ukimaliza kufa niambie, tuendelee."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, nikafanya vyote viwili nimesimama palepale. Ungo ulikuwa umefika nusu nilipomwambia, "Nimemaliza, Mama." Akasema, "Haya." Tukaendelea. Jumapili tano mfululizo tulifanya hivyo, na kila mara alibadilisha kitu, na kila mara hofu ilikuja fupi kidogo. Aya ya ugonjwa wake tuliiacha wazi. "Hapo acha nafasi," alisema, "sijaamua."

Nilimsimulia Boke habari za ungo wa karanga. Akaniambia mama yangu amemnyang'anya kazi.

Mwaka ukageuka. Tembe zikapunguzwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari, si kwa ubishi wangu. Nikarudi kwenye matanga, kwanza nimekaa nyuma kama mtu baki, halafu kushika nyaya, halafu kutangaza kwaya, halafu kusoma salamu za rambirambi. Wasifu niliwaachia wengine. Nilikuwa naupigia hesabu kwa mbali.

Mama alituacha mvua kubwa zilipokuja tena, Jumatatu asubuhi. Mazishi yakawa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Yeye alijua kupanga.

Siku hiyo kulikuwa na matope mpaka kwenye vifundo. Emsii alikuwa rafiki yangu Opiyo, anayechukua mazishi ya Jumamosi, ila spika zilikuwa zangu. Mama mkwe wangu alitoka Uriri, akakaa na wanawake wenzake. Rispa alikuwa mstari wa mbele. Opiyo alinipa maikrofoni akaninong'oneza, "Omera, ikikulemea nipe nimalizie. Hakuna atakayekulaumu."

Sikuwa na chupa. Sikuwa na aspirini. Nikasoma kuzaliwa kwake, shule aliyoiacha darasa la nne, ndoa, watoto, Elisha. Nikasoma kwamba alikuwa mkali, na mikopo yake ya karanga alilipa yote, na watu wakacheka kwenye mvua. Nikageuza karatasi. Aya niliyoijaza mwenyewe ilikuwa pale, na hema lote likanyamaza kama kawaida yake.

Ikaja. Haikuja kwa adabu, ilikuja yote: moyo, vidole, midomo, koo, watu wakaenda mbali. Nilimwona Opiyo ananyoosha mkono. Nilitazama njia ya kutokea kati ya viti, nyeupe, iko wazi kabisa.

Nikatikisa kichwa. Nikaweka maikrofoni mdomoni.

"Ndugu zangu," nikasema, "moyo wangu unakimbia. Nina ugonjwa wa hofu, wengine wenu mmesikia. Huniambia nakufa. Ni mwongo. Nipeni dakika chache hapa, tukae nao."

Hakuna aliyesogea. Mvua iligonga hema. Mahali fulani nyuma mtu mzima alikuwa analia kwa namna ambayo si ya kumlilia Mama. Rispa alinitazama bila kuangalia chini. Mama mkwe wangu naye alinitazama, safari hii hakugeuza macho pembeni. Na mimi nilisimama kwenye matope ya uani kwetu, mahali palepale nilipokuwa nasimama na kuku, nikasikia wazi kabisa, pa, pa, pa, maganda yakianguka kwenye ungo.

Sijui zilikuwa dakika ngapi. Koo lilifunguka.

"Nimemaliza, Mama," nikasema, na spika zangu mbili zikalipeleka neno hilo mpaka barabarani. "Tuendelee."

Nikasoma: "Mama alisumbuliwa na sukari na magoti. Jumapili alikula samaki, akalalamika kwamba chumvi imezidi. Jumatatu hakuamka."